Ukishashinda mbuzi, halafu?

Najua nimepotea. Nilikuwa BTP, na waliokwisha kwenda wanajua jinsi maandalio ya somo yanavyomla mtu usiku. Sasa nimerudi chuo, bumu bado halijaingia, mwenzangu wa chumbani kalala, basi nimepata nafasi ya kuandika jambo lililonikaa rohoni tangu Septemba 2025. Leo tunaongea baiskeli. Ndiyo, baiskeli. Watu wa Simba na Yanga mnivumilie kidogo, kesho mtaendelea kubishana.

Kwa msiojua, mimi kwetu ni Rusumo, Ngara, kule mwisho kabisa wa barabara, ambako malori ya kutoka Dar yanapanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Kigali. Chini kuna mto Kagera na maporomoko yake, juu kuna daraja, ng'ambo ni Rwanda. Ukivuka tu, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Lugha haibadiliki sana, maana Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao vinasikilizana. Na milima haibadiliki hata kidogo.

Kwetu baiskeli si mchezo, ni kazi. Mtu anafunga mikungu minne mitano ya ndizi kwenye keria, anasukuma kupanda mlima huku jasho linamtiririka, na akifika kwenye mteremko anarukia juu anakanyaga tairi kwa ndala, kwa sababu breki zilikufa zamani. Nimekua nikiona hivyo kila siku ya Mungu, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani mtu analipwa kuendesha baiskeli bila ndizi.

Basi bwana, nikiwa darasa la sita, mwaka 2015, mfanyabiashara mmoja akaandaa mbio za baiskeli kutoka mpakani mpaka Benaco. Zawadi: mbuzi. Kaka yangu akang'oa keria kwenye Phoenix ya babu, baiskeli isiyo na gia hata moja, akaingia mbioni. Akashinda. Tena hakubahatisha, maana wa pili alipofika alimkuta kaka ameshakaa chini anakunywa maji na watu wanampepea na khanga. Tulikula yule mbuzi mpaka tukatafuna mifupa.

Halafu? Halafu hakuna. Hakuna aliyeandika jina lake. Hakuna aliyempima muda. Hakuna aliyemwambia kijana, njoo tena mwezi ujao, kuna wengine wazuri kule Biharamulo mkapambane. Kesho yake keria ikafungwa tena na ndizi zikarudi mahali pake. Leo kaka ni dereva wa bodaboda Benaco, ana mke na watoto wawili, na hadithi ya mbuzi anaisimulia abiria wanapokuwa wachache.

Mwaka huohuo wa 2015, ng'ambo ya daraja, kijana anaitwa Jean Bosco Nsengimana alishinda Tour du Rwanda. Simwambii kaka hivyo ili asisononeke. Lakini ninyi nawaambia, kwa sababu hoja yangu ya leo iko hapo hapo: timu haifi kwa kukosa vipaji, na haifufuki kwa sababu tu imeletewa mashindano makubwa. Inakufa pale ngazi ya katikati inapokatika, ile iliyopo kati ya mbuzi na mashindano. Na Rwanda ndiyo mfano mzuri kuliko wote ninaoujua, kwa mema yake na kwa mabaya yake.

Twende taratibu.

Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na mshindi wa kwanza alikuwa Célestin Ndengeyingoma. Zilikuwa mbio ndogo, lakini zilikuwepo, na mwaka 1992 waendesha baiskeli wa Rwanda walikwenda Olimpiki ya Barcelona. Wakati huo vita ilikuwa imeshaanza, tangu Oktoba 1990. Halafu ikaja 1994. Sihitaji kuwaeleza 1994 ni nini.

Ila niwaeleze kidogo ilivyoonekana kwetu. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Bibi yangu alikuwepo. Anasema alichokumbuka zaidi ni ukimya, watu wengi vile na kelele hakuna. Na anakumbuka baiskeli, zimefungwa magodoro, sufuria, wazee, watoto. Kambi ikawekwa Benaco, na baada ya wiki chache watu wakaanza kuuza walichokuwa nacho. Ile Phoenix ya babu, iliyokuja kushinda mbuzi, ilinunuliwa pale kwa ndizi na fedha kidogo. Babu hakumjua jina yule mtu. Bibi mpaka leo akiipita pale ukutani anasema, "Ile si yetu kabisa kabisa."

Kwa hiyo nikisema timu ya Rwanda ilikufa, simaanishi ilifungwa goli tano. Waliokuwa wakiendesha, waliokuwa wakishangilia, na baiskeli zenyewe, vyote vilitawanyika. Mbio zilirudi mwaka 2001 tu. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau: zilirudi kwanza kwa miguu ya Wanyarwanda wenyewe, kabla Mzungu yeyote hajafika na baiskeli ya bei mbaya. Abraham Ruhumuriza alishinda Tour du Rwanda mara tano katika miaka ile, naye alikuwa mtu wa baiskeli ya teksi, anayebeba abiria kwenye keria. Hebu fikiria. Bingwa wa taifa, Jumatatu anakubeba sokoni.

Ndipo wakaja Wamarekani wawili. Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alitembelea Rwanda mwaka 2005 akaona watu wanavyobeba kahawa milimani, akaamua kutengeneza baiskeli ndefu za mizigo kwa ajili ya wakulima wa kahawa. Mwenzake Jonathan Boyer, aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981, akaja kuwapima vijana na mwaka 2007 ikaanza Team Rwanda. Baadaye makao yao yakawa Musanze, chini ya volkano. Alichofanya Boyer, ukikiondolea mbwembwe zote, ni hiki: aliweka ngazi ya katikati. Kijana anapimwa nguvu ya miguu kwa mashine, anaandikwa, anapewa baiskeli yenye gia, chakula, posho kidogo, na wiki ijayo anarudi. Basi. Kile ambacho kaka yangu hakukipata.

Matokeo yake hesabuni wenyewe. Mwaka 2009 Tour du Rwanda iliingia kwenye kalenda ya shirikisho la dunia, UCI, wageni wakaja kwa wingi. Kuanzia 2009 mpaka 2013, miaka mitano, washindi wote walikuwa wageni: Mmoroko, Mueritrea, Mmarekani, Waafrika Kusini wawili. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angesema hawa hawawezi. Lakini vijana walikuwa wanapanda ngazi. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti, ambaye alipoteza kaka zake sita mwaka 1994, alibeba bendera ya nchi yake Olimpiki ya London na akamaliza mbio za baiskeli za milimani katika nafasi ya 39. Nafasi ya 39 hiyo ilisherehekewa kama dhahabu.

Halafu 2014, Valens Ndayisenga, kijana wa miaka 20, aliyezaliwa 1994 hiyohiyo, akashinda. 2015 Nsengimana. 2016 Ndayisenga tena. 2017 Joseph Areruya. 2018 Samuel Mugisha. Miaka mitano mfululizo! Areruya mapema 2018 akaenda Gabon akashinda na Tropicale Amissa Bongo. Wadau, huo ulikuwa utawala.

Na sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Niyonshuti anatoka Rwamagana. Rwamagana iko kwenye barabara hiihii inayoanzia darajani kwetu, kilomita mia na kidogo kutoka Rusumo. Mwaka 2016 hatua moja ya mbio ilimalizikia Ngoma, karibu zaidi na sisi. Mvua ile ile, udongo ule ule, ndizi zile zile. Tofauti ilikuwa kwamba Rwamagana kuna klabu, na Niyonshuti akiwa bado anakimbia alianzisha shule ya baiskeli kwa watoto wa kwao. Kwetu kulikuwa na mbuzi mmoja, mara moja.

Lakini hadithi haiishii kwenye shangwe. Boyer aliondoka 2017. Mwaka 2019 mbio zikapandishwa daraja na UCI, timu kubwa za Ulaya zikaanza kuja. Chris Froome mwenyewe, yule mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, alikimbia huko 2023. Mbio zikawa kubwa, hoteli zikajaa, kamera zikaongezeka. Na washindi? 2019 Mueritrea. 2020 Mueritrea. 2021 Mhispania. 2022 Mueritrea. 2023 Mueritrea. 2024 Mwingereza. 2025 Mfaransa. Miaka saba, hakuna Mnyarwanda. Mwaka 2022 Moise Mugisha aliposhinda hatua moja tu, ya mwisho, Kigali, watu walilia barabarani kwa sababu ilikuwa hatua ya kwanza kwao tangu mbio zipandishwe daraja.

Mnaona kilichotokea? Mashindano yalikua haraka kuliko timu. Ngazi ya juu iliongezwa, ya chini haikuongezwa kwa kasi hiyohiyo. Ni kama shule inayojenga geti zuri la kuingilia halafu darasa la kwanza halina mwalimu.

Nililiona hili kwa macho yangu. Tarehe 28 Septemba 2025, siku ya mwisho ya mashindano ya dunia, ya kwanza kufanyika Afrika tangu mashindano hayo yaanze, mimi na kaka tulikuwa Kigali. Likizo ilikuwa haijaisha, tulivuka mapema asubuhi tukiwa na vibali vyetu vya kusafiria na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko. Tukasimama kwenye kilima cha Kimihurura, kile chenye barabara ya mawe. Sijawahi kuona umati kama ule. Watu juu ya kuta, juu ya miti, watoto mabegani. Mbio zilikuwa za kilomita 267, na wanaume walikuwa wakipita mbele yetu mzunguko baada ya mzunguko, kila wakirudi ni wachache zaidi. Tadej Pogačar wa Slovenia akawaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 60, akaenda peke yake mpaka mwisho. Walioanza walikuwa zaidi ya 160, waliomaliza ni 30 tu.

Kaka alikuwa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Wanapanda kama sisi tu. Ila hawana ndizi."

Nikacheka, lakini baadaye nikamwona anajifuta macho akisingizia vumbi. Mawe ya Kimihurura hayana vumbi, jamani.

Medali hata moja haikubaki Afrika wiki ile. Sisemi hivyo kuwakebehi Wanyarwanda, wao angalau walikuwa na watu wao ndani ya mbio, na sisi tulikuwa na viazi. Nasema hivyo kwa sababu jibu la swali "kwa nini" liko wazi ukitazama Eritrea. Eritrea si nchi tajiri. Haijaandaa mashindano ya dunia. Lakini baiskeli iliingia huko tangu enzi za Waitaliano, na Asmara ina vilabu na mbio za mara kwa mara, mtoto anashindana na wa mtaa wa pili, kisha na wa mji wa pili. Ndiyo maana Biniam Girmay mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Hakudondoka kutoka mbinguni. Alipanda ngazi ambayo haina pengo.

Na kwa wanaopenda mifano ya mbali, tazameni Kolombia, nchi ya milima na kahawa kama Kagera na Rwanda. Miaka ya 1980 chama cha wakulima wa kahawa kiligharamia timu iliyoitwa Café de Colombia. Luis Herrera, aliyekuwa mtunza bustani, alishinda hatua ya Tour de France mwaka 1984 na Vuelta ya Hispania mwaka 1987. Mwaka 1989 makubaliano ya kahawa duniani yakavunjika, bei ikaporomoka, na muda si mrefu timu ikafa. Vipaji havikufa, watoto waliendelea kupanda milima. Mmoja aliitwa Nairo Quintana, alikuwa akienda shule kwa baiskeli kama kilomita 16. Ilipoundwa tena timu ya vijana wa nyumbani, Colombia es Pasión, akaokotwa humo, na mwaka 2010 akashinda mbio kubwa za vijana kule Ufaransa. Kahawa ilikuwa imerudi kwenye jezi. Mwaka 2014 akashinda Giro ya Italia, na 2019 mwenzake Egan Bernal akashinda Tour de France yenyewe. Wao pia, fedha ilipokata ngazi timu ilikufa, na ngazi iliporudishwa ikafufuka.

Sasa najua mtakayosema. Mwenzangu wa chumbani, anayetoka Kigoma, nilipomsomea haya alinikatiza: "Dada, wewe unashangilia baiskeli, na Januari 2025 M23 imeingia Goma, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda iko nyuma yao. Baiskeli ni poda ya kupaka kidonda." Rwanda inakanusha, lakini hoja yake si ya kupuuza. Hata Bunge la Ulaya Februari 2025 lilitaka mashindano yale yaondolewe Kigali kama Rwanda haitabadilika. Kigoma wanapokea wakimbizi wa Kongo kama sisi tulivyowapokea wa 1994, kwa hiyo ana haki ya kukasirika. Nilimjibu hivi: sipigii makofi serikali yoyote. Mtoto wa Rwamagana anayepanda mlima saa kumi na mbili asubuhi si serikali. Ukimnyima sifa yake kwa sababu wakubwa wameipanda mabegani, umewaachia wakubwa kila kitu. Hatukukubaliana sana. Tulilala.

Lakini kuna hoja nyingine ambayo siikubali kabisa, ile ya kwetu Bongo: "Wenzetu wana serikali inayojali." Kila kitu tunasubiri serikali! Tanzania tuna CHABATA, tuna Wasukuma ambao kwa baiskeli hawana mpinzani, na Mwanza miaka ya 2000 kulikuwa na mbio kubwa zilizodhaminiwa na Vodacom, vijana wa Kanda ya Ziwa wakishindana kwa baiskeli zao za kawaida. Vipaji tunavyo. Tunachokosa ni mtu wa kuandika muda kwenye daftari.

Na mtu huyo, wadau, ni mimi na wewe. Tutakuwa walimu. BTP nilipangiwa shule moja ya kata kwetu Ngara. Asubuhi nilikuwa nahesabu baiskeli zilizoegemezwa ukutani, siku nyingine arobaini na kitu. Kuna binti wa kidato cha pili alikuwa anakuja kutoka mbali sana, amevaa sketi, anawahi kuliko wavulana wanaokaa karibu. Siku moja nikamwuliza anatumia dakika ngapi. Akaniangalia kama nimemwuliza uzito wa mwezi. Hajui. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Mimi nilicheza netiboli UMISSETA mara mbili, na sikuwahi kuona baiskeli hata moja uwanjani, isipokuwa ya mlinzi.

Nikamsimulia habari za Jeanne d'Arc Girubuntu, binti wa Rwanda aliyekimbia mashindano ya dunia kule Richmond, Marekani, mwaka 2015. Nikamwambia na habari za Diane Ingabire, aliyeingia timu ya wanawake ya Ulaya mwaka 2022. Akauliza swali moja tu: "Madam, walianza na baiskeli ya nani?"

Wiki yangu ya mwisho, Ijumaa mchana, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, tukafanya mbio. Kutoka getini mpaka njia panda na kurudi, kila mtu na baiskeli yake ya kila siku, keria ruksa. Saa ilikuwa ya simu yangu. Niliandika majina ishirini na tatu na muda wa kila mmoja, wasichana sita wakiwemo. Yule binti alikuwa wa nne kwa wote. Zawadi ilikuwa kalamu, mbuzi sina. Daftari nimemwachia mwalimu wa michezo, na kaka ameahidi kwenda kila mwisho wa mwezi kusimamia, maana anasema hao watoto hawajui kukata kona.

Ndiyo ngazi yenyewe hiyo. Ni fupi, najua. Lakini mwezi ujao majina yale yatapimwa tena, na shule ya jirani imeshauliza kama inaweza kuleta watu wake. Ninyi mnaosoma ualimu, mkienda kupangiwa huko Kibondo, Kahama, Biharamulo, hesabuni baiskeli ukutani. Halafu mwulize mtoto mmoja anatumia dakika ngapi.

Ile Phoenix bado ipo. Bibi amesema kama yule binti ataihitaji, aichukue, kwani si yetu kabisa kabisa.

Nawasilisha. Bumu likiingia mnishtue.